Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: jua la Tanga lihesabiwe kwenye LUKU

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Tanga. Nakuandikia kuhusu sola za kwenye bati, maana zinaongezeka, ukipita Makorora unaziona, Ngamiani unaziona, kule Raskazone ndo usiseme. Mchana wenye nyumba wako kazini, kilichowaka ni friji tu, betri zinajaa mapema halafu jua lote la mchana linalobaki halina kazi, na jirani ukuta kwa ukuta anaingiza tokeni.

Dawa yake inajulikana, wanaita neti mitaringi, yani mita inahesabu kwenda na kurudi, ulichoingiza kwenye laini mchana kinapunguzwa kwenye ulichochukua usiku. Najua EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, walishaandika kanuni za jambo hili. Ila mwenye nyumba ya kawaida akitaka kujua aanzie wapi, atahesabiwa bei gani, mita nani anafunga, anabaki kuuliza mafundi wa mtaani na kila fundi ana lake.

Na mita yenyewe ndo kizingiti cha kwanza. Mita nyingi za kulipia kabla zimetengenezwa kwa upande mmoja, umeme ukirudi kuna zinazosoma kama umetumia wewe, yani umetoa umeme wako halafu unakatwa uniti juu yake! zingine zinadhani mita imechezewa ili umeme uibiwe, zinajifunga. Bila mita ya njia mbili tunaongea hewa.

Kuna watakaokwambia bwawa la umeme la Nyerere kule Rufiji limekamilika, megawati 2,115, sola za kwenye bati za nini tena. Mheshimiwa, umeme upo ila uko mbali. Mwaka 2025 serikali yenyewe ilieleza kwamba kanda ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, sababu ukitoka kule kusini mpaka huku unapotea mwingi njiani, na sisi Tanga tuko huku huku. Sasa umeme wa bati la Chumbageni unapotea wapi? Unaliwa mtaa wa pili. Halafu nchi yetu inategemea sana maji, kwahiyo kila uniti ya jua mchana ni maji yaliyobaki bwawani yakisubiri saa moja usiku watu wakiwasha taa na TV kwa pamoja. Sisi wenye Hale na Pangani tunajua mto ukipungua inakuwaje, na mgao wa 2022 bado tunaukumbuka.

Lakini TANESCO nao wana hoja na ni ya kweli, sitaki kuipita. Nguzo, nyaya, transfoma vinalipiwa kupitia uniti tunazonunua, mwenye sola akishusha manunuzi yake bado usiku anategemea nguzo ileile. Na kuna hili ambalo naona halisemwi. Kwenye zile bei za 2016 mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292 kabla ya kodi. Sasa mwenye jumba la AC nne akafunga paneli, manunuzi yake yakashuka chini ya 75, akahamia kwenye ile bei ya mia, huyo atakuwa amekaa kwenye kiti cha bibi muuza vitumbua. Haiwezekani! Kundi la bei lipangwe kwa umeme wote nyumba inaotumia, wa sola na wa gridi, sio kwa kinachoonekana kwenye manunuzi peke yake. Na kama uniti ya sola haiwezi kurudishwa uniti kwa uniti basi irudishwe pungufu, mimi sina ugomvi na hilo, ilimradi bei ijulikane kabla mtu hajakopa saccos kununua paneli.

Hapo kwenye kukopa ndo roho inaniuma zaidi. Nevada huko Marekani mwishoni mwa 2015 walibadilisha masharti mpaka kwa waliokwisha kufunga paneli, walichokuwa wanalipwa kwa umeme wao kikashushwa na tozo ya mwezi ikapandishwa, makampuni ya sola yakafungasha, na 2017 bunge lao likabidi litunge sheria ya kurudisha. California nao walipunguza sana malipo hayo ya umeme wa sola, uamuzi wa Desemba 2022, ukaanza Aprili 2023, lakini waliotangulia waliachiwa masharti yao ya zamani kwa miaka 20. Mimi nasema tufuate ya California, aliyefunga kwa bei fulani aandikiwe mkataba wenye miaka ndani yake, waziri akibadilika mkataba ubaki.

Usalama pia usiachwe, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, lazima iwe ile inayojizima laini ikikatika, maana fundi wa TANESCO akipanda nguzo akijua laini imekufa halafu bati la mtu linasukuma umeme, tutazika. Na wananchi waambiwe mapema kwamba sola iliyofungwa hivyo bila betri haiwashi nyumba wakati umeme umekatika, wengi hawajui hilo na wauzaji hawalisemi.

Tunaomba Mheshimiwa uanze na Tanga kama majaribio, mita za njia mbili, bei iliyoandikwa, na salio la sola lionekane kwenye LUKU ileile tunayonunulia kwenye simu, na iwe kabla ya kaskazi ijayo, miezi ambayo jua letu ni kali na feni hazizimwi.

Mkazi wa Makorora, Tanga