Wasaidizi wa Rais wa Marekani wasipimwe kwa cheo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe maoni kuhusu namna magazeti yetu yanavyoandika habari za wasaidizi wa karibu wa Rais wa Marekani. Waziri akiteuliwa tunasoma wasifu wake wote, lakini akibadilishwa mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu ya White House tunapewa aya mbili, kana kwamba aliyeondoka ni karani wa masjala. Kwa maoni yangu huyo ndiye anayestahili wasifu mrefu, na ushahidi wangu ni James Baker.

Baker, mwanasheria wa Houston, Texas, alikabidhiwa kazi hiyo na Ronald Reagan mwaka 1981, ingawa alikuwa amezitumikia kampeni mbili zilizopambana na Reagan huyohuyo: ya Gerald Ford mwaka 1976 na ya rafiki yake George H. W. Bush katika mchujo wa 1980. Wengi walidhani nafasi ingemwangukia Edwin Meese, aliyekuwa na Reagan tangu enzi za ugavana wa California. Novemba 1980 wawili hao waligawana majukumu kwenye karatasi moja. Meese alipata hadhi ya uwaziri na usimamizi wa sera. Baker alijichukulia uwezo wa kuajiri na kufukuza wafanyakazi wa Ikulu, ratiba ya Rais, na kila waraka unaoingia au kutoka mezani kwake. Mtu asiyeijua serikali angesema Meese ndiye aliyeondoka na mnofu. Lakini sera, hata iwe nzuri namna gani, ilibidi ipite kwa Baker kabla Rais hajaiona, na haikuchukua muda watu wa Washington wakajua mlango wa kubisha ni upi.

Mwaka 1985 Baker alibadilishana nafasi na Waziri wa Fedha, Donald Regan. Aliyehitaji kuidhinishwa na Seneti alikuwa Baker, kwa kuwa anakwenda uwaziri. Regan alihitaji ridhaa ya Rais tu. Bwana huyo, aliyekuwa ameongoza kampuni ya Merrill Lynch, aliendesha Ikulu kama mkurugenzi wa kampuni, akakosana hata na mke wa Rais, na ilipolipuka kashfa ya kuiuzia Iran silaha hakuwa na wa kumtetea. Februari 1987 alijiuzulu baada ya kusikia kupitia vyombo vya habari kwamba mrithi wake amekwisha kupatikana.

Baker aliendelea hadi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1989, akahusika katika mazungumzo ya kuunganishwa kwa Ujerumani, kisha Agosti 1992 akaitwa tena Ikulu kuinusuru kampeni ya Bush, sasa akiwa Rais, ambayo, pamoja na ujuzi wake wote, ilishindwa na Bill Clinton. (Haikuwa siri kwamba hakufurahia kuiacha diplomasia.)

Leo cheo cha mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu anacho Susie Wiles, mwanamke wa kwanza kukishika. Tumeelezwa mara nyingi kwamba ni wa kwanza. Naomba waandishi wenu watueleze pia nani anaingia kwa Rais bila kupitia kwake, na waraka gani unafika mezani bila yeye kuuona.

Msomaji wenu wa siku nyingi