Kazi za sanaa mjini zimejificha kwenye tenda za makandarasi

Mhariri, salaam nyingi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana vijana wananiuliza swali lile lile, bro naanzia wapi nipate kazi ya kuchora ukuta wa serikali au kutengeneza sanamu ya kwenye kipilefti, na wengi wanasubiri tangazo. Tangazo gani? Mara nyingi kazi hizi hazitangazwi kivyake, zimo ndani ya tenda ya ujenzi, kamstari kamoja tu kameandikwa "mapambo" kwenye mchanganuo, mkandarasi akishashinda anatafuta fundi wa bei chee, ndo maana tunaletewa simba anayefanana na mbuzi.

Kwa hiyo mdogo wangu usiende manispaa na picha za kwenye simu ukidhani afisa utamaduni atakukabidhi ukuta. Anza na shule ya msingi au zahanati ya mtaani kwako, piga picha kabla, katikati na ukimaliza, hizo ndo zitakusemea. Jisajili Basata, lile baraza la sanaa la taifa, chukua TIN, na mkiwa kikundi ingieni NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, maana sheria ya manunuzi inataka 30% ya manunuzi ya taasisi za umma iende kwa makundi maalumu na vijana wamo. Wachonga madawati wameshalijua hilo zamani, sisi wachoraji bado tumelala. Na huyo mkandarasi mfuate mapema, msingi ukiwa bado unachimbwa.

Kwenye bei ndo wengi wanaungua. Mtu anapiga hesabu ya rangi na brashi basi, jukwaa la kupandia hakuna, usafiri hakuna, mlinzi wa usiku hakuna, na jua la Dar na hii hewa ya chumvi havina huruma, nondo ikishika kutu ndani ya saruji sanamu inapasuka yenyewe. Askari wa pale Posta kasimama toka 1927 kwa sababu ni shaba, sio saruji iliyopakwa rangi ya dhahabu! Halafu skechi za bure, aisee. Kuna ofisi nisiyoitaja niliwapelekea skechi wakasema tutakupigia, baadae nakuta ukutani kaichora mtu mwingine. Siku hizi natoa ndogo yenye jina langu katikati, kubwa mpaka advansi iingie.

Sasa wakubwa. Ufaransa toka 1951, walianza na majengo ya shule, wanatenga 1% ya gharama za ujenzi kwa ajili ya sanaa, na mji wa Philadelphia kule Marekani ukaanza wa kwake 1959. Sisemi tukopi kila kitu, ila kwenye stendi na masoko mapya haya, hako kamstari ka mapambo kaondolewe kwa mkandarasi katangazwe peke yake, wasanii walete skechi, watakaovuka mchujo walipwe hata laki mbili mbili za kutengeneza kimodeli, na kwenye kamati ya kuchagua wawemo watu wanaojua sanaa sio wahandisi na maafisa manunuzi tu. Manispaa mnasemaje? Tunaomba mtujibu hapa hapa gazetini.

Mchoraji,
Temeke, Dar es Salaam