Mheshimiwa, shida ni nguzo

Mheshimiwa mwenye dhamana ya bustani yetu ya kinamasi,

Shikamoo. Na hongera tena kwa ule utepe ulioukata. Mkasi nadhani bado unakata. Njia ya mbao ndiyo imekwisha.

Jumapili nilimpeleka mama kuwaona korongo, hawa ndege wa kwenye bendera yetu ya Uganda. Hatua chache tu, ubao ukavunjika, mguu wake ukazama mpaka pajani. Kiatu kimoja kilibaki kwenye mafunjo, kiko huko hadi leo. Siku nne karakana yangu imefungwa, nampakia boda kwenda kufunguliwa bandeji na kufungwa upya.

Mimi ni seremala. Nilichungulia lile tundu. Ubao ulikuwa na nafuu. Chini yake kuna nguzo ya mkaratusi iliyosimikwa kwenye tope tupu. Niliichoma kwa ufunguo wa nyumba, ukazama wote kama kwenye muhogo uliochemka. Nguzo huozea pale maji na hewa vinapokutana, Mheshimiwa, kwa hiyo ile rangi ya kijani mnayopaka juu ni pambo. Nahisi mkandarasi aliuziwa nguzo zisizo na dawa kwa bei ya zenye dawa. Au alijua. Hilo mtaulizana wenyewe.

Mkaratusi huohuo ukitiwa dawa vizuri unabeba nyaya za umeme miaka na miaka. Ungekalishwa kwenye kiatu cha chuma juu ya zege, nje ya maji, hata dawa isingewafikia samaki. Mbao nazo zingeachiana nafasi, mvua ipite, mafunjo yapate mwanga. Zenu zimebanana kama sakafu ya sebule, maji yanalala juu, utelezi mtupu.

Na kimo je? Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964. Sisi wa ufukweni tulihamisha vitanda. Alama ya maji bado iko kwenye ukuta wa choo cha bustani, na njia yenu, iliyojengwa baadaye, iko chini yake!

Ulisema, kipaza sauti mkononi, ni njia ya wajukuu. Bibi yao ametangulia kuanguka.

Siombi fidia. Hata mbao mpya siombi, maana mtazileta, mtazipigilia juu ya uozo uleule, mtapiga picha. Naomba nguzo. Ng'oeni nguzo, Mheshimiwa. Kabla ya mvua za Machi, nguzo.

Ni mimi, seremala wa kando ya ziwa.