Yah: Draivu yangu mliyoifumua, ripoti isiyo yangu, na nilivyotendewa mbele ya wateja wenu

Kwa Meneja Mkuu,
Karakana ya Injini za Boti,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Salaam kutoka Matema. Natumaini kazi zinakwenda vizuri hapo mjini. Huku kwangu hazisogei. Boti iko mchangani chini ya turubai, haina draivu, yaani kile kifaa cha gia cha nyuma kinachozungusha propela, na sababu unaijua. Kama huijui, faili langu liko mezani kwa fundi wako mkuu.

Sitakueleza utaratibu wenu, mmeubandika wenyewe pale mapokezi. Mteja analipa ada ya ukaguzi, anapewa ripoti ya maandishi, na kifaa hakifumuliwi zaidi ya ukaguzi bila ridhaa yake. Mimi nililipa shilingi 350,000. Swali nililoleta lilikuwa moja, na nililiandika kwenye fomu yenu kwa mkono wangu: draivu hii ya nyuma, OMC Cobra ya mwaka 1989, inafaa kutengenezwa au niachane nayo? Hata jibu la "achana nayo" ningelipokea na kuwashukuru. Pesa ile ilikuwa ya kununua ukweli, basi.

Na msidhani nilikuja kuuliza nisichokijua. Najua OMC, kampuni iliyoitengeneza, ilifilisika Desemba 2000. Najua kampuni ya Bombardier walichukua chapa zake za Evinrude na Johnson mwaka uliofuata, na Cobra ikabaki yatima. Najua pia kwamba vitu vinavyochakaa kila mara, yaani impela ya pampu ya maji, sili, beringi na ile mipira ya mikunjo, bado vinatengenezwa na viwanda vingine na vinaagizika. Shida iko kwenye gia na makasha, ambavyo mara nyingi hupatikana kwa kuchomolewa kwenye draivu nyingine kuukuu. Kwa hiyo jibu lote lilikuwa ndani ya gia. Meno yakiwa mazima, natengeneza, naendelea kupeleka abiria Ikombe na Lupingu. Meno yakiwa yamelika, nang'oa kila kitu, naziba tundu la nyuma kwa mbao na faiba, nafunga bracketi na kuweka mashine ya nje, ile ya kuning'inizwa nyuma ya boti, kama wenzangu. Injini yenyewe, ile V6 ya lita 4.3, haina ugonjwa. Ni hiyo draivu tu, ambayo oili yake ilitoka imegeuka kama chai ya maziwa, dalili kwamba maji yamepita kwenye sili mahali fulani. Mahali gani? Ndiyo kazi niliyowalipa.

Niliwaomba pia mtu ateremke hadi Matema augonge ukuta wa nyuma wa boti kwa nyundo na kuusikiliza. Boti za umri ule, ukuta huo ni mbao iliyovikwa faiba. Ikinyonya maji huoza kimya kimya, na hapo hakuna draivu wala mashine ya nje itakayoshika. Mliniambia atakuja. Hakuja.

Sasa ripoti. Nimeisoma mpaka karatasi imechakaa. Juu imeandikwa MerCruiser Alpha One, draivu ya kampuni nyingine kabisa. Draivu yangu ina maandishi ya Cobra yaliyochongwa kwenye kasha, mtoto wa darasa la tatu anayasoma. Chini yake mmeandika kwamba kasha "limeliwa na maji ya chumvi". Ndugu Meneja, chumvi ipi? Ziwa Nyasa ni maji baridi, tunayanywa. Boti ile haijaonja bahari tangu iundwe kuwa boti ya ziwa hili. Ilitoka upande wa Malawi, Monkey Bay, na karatasi zake mnazo. Basi ama fundi wenu ameyaonja maji yetu akakuta chumvi ambayo sisi hatujawahi kuiona, ama ripoti hii ni ya mteja mwingine wa Pwani, mkafuta jina lake mkaandika langu. Nikikosea nisahihishwe, lakini kwa maandishi. Na juu ya ripoti hiyo hiyo mkajenga proforma, yaani makadirio ya bei, ya shilingi 9,800,000, yote spea za Alpha One, ambazo kwenye Cobra haziingii hata kwa nyundo.

Nilipanda kuja kuuliza. Ipinda, Kyela, Tukuyu kwenye mvua, mpaka Uyole, nikafika kwenu na proforma mkononi.

Niliomba nionyeshwe gia. Fundi mkuu alitoka nyuma akifuta mikono, akaangalia juu ya kichwa changu, akauliza, "Mwenye boti yuko wapi?" Nikasema ni mimi. Akatabasamu. "Mama yangu, haya mambo ya mashine, tutaongea na mzee." Nikamwambia hakuna mzee kwenye boti ile. Akachukua simu ya ofisi, akampigia nahodha wangu, akaweka sauti ya juu, akailaza simu kaunta, na mimi nikiwa nimesimama umbali wa mkono akamwambia: "Mwambie mama hii draivu ni chuma chakavu, apeleke kwenye mizani apate nauli ya kurudia." Wateja wakacheka. Nahodha wangu, ambaye kwao amefundishwa adabu, akajibu, "Bosi, huyo mama uliye naye ndiye mwenye boti, ongea naye." Simu ikakatwa.

Kijana ambaye ni rika la mwanangu wa mwisho.

Mseme sasa, Ndugu Meneja: kama ni chuma chakavu, ile proforma ya milioni karibu kumi ilikuwa ya kutengeneza nini? Na kama inatengenezeka, kwa nini niambiwe nipeleke kwenye mizani? Haviwezi kuwa kweli vyote viwili.

Nimeruka jambo. Kabla ya siku hiyo mlikuwa mmeanza kunitoza ada ya uhifadhi, 10,000 kwa siku, kwa draivu ambayo ninyi wenyewe mlikuwa mnaikawiza. Kila nikipiga simu jibu lilikuwa "fundi yuko nje ya ofisi". Sikupewa risiti ya EFD, si ya ukaguzi wala ya hiyo ada. Nilidai, nikaambiwa mashine ina tatizo la mtandao. Mashine yenu ya risiti ina tatizo, draivu yangu ina tatizo, kinachofanya kazi hapo kwenu ni kupokea pesa tu.

Na mzigo niliorudishiwa. Draivu ilikuja kwenu nzima, imefungwa, inavuja tu. Nimerudishiwa kasha tupu na mfuko wa mbolea uliojaa vipande. Mpira wa mikunjo unaolinda shafti umekatwa kwa kisu, haukufunguliwa. Alama ya kisu inaonekana wazi. Mnajua kazi ya mpira ule. Draivu ikiwa mahali pake, mpira huo ukipasuka maji yanaingia moja kwa moja ndani ya boti, na boti inazama ikiwa imefungwa kambani, bila hata mtu ndani. Kama ningekuwa mtu wa kufunga tu na kuondoka, leo ningekuwa nawaandikia habari za abiria. Tena zile shimu, bati nyembamba zinazopanga nafasi kati ya gia na gia, hazimo kwenye mfuko. Fundi yeyote anajua kwamba kila moja ina unene wake na mahali pake, na bila hizo shimu, gia zinasagana zenyewe. Kwa hiyo hata nikipata fundi mwingine leo, ataanza kupima upya kutoka sifuri. Swali langu la kutengeneza au kuacha mmelijibu kwa mikono yenu: mmeiharibu.

Narudi kwenye kaunta kwa sababu usingizi haunijii bila kurudi pale. Faili lilikuwa wazi chini ya kiganja chake. Jina langu liko juu kabisa, kwa herufi kubwa, sehemu ya mmiliki. Alikuwa ameliona. Alijua anaongea na nani alipouliza mwenye boti yuko wapi. Dada wa mapokezi alitazama chini, yeye angalau aliona aibu. Na ile "mizani" aliisema mara mbili, mara ya pili kwa sauti zaidi baada ya watu kucheka. Nilipouliza tena, gia zenyewe ziko wapi nizione, alinionyesha mfuko wa mbolea kwa kidevu. Kwa kidevu, Ndugu Meneja. Nimeendesha biashara ziwani kwa muda mrefu kuliko huyo kijana alivyoshika spana, nimewavusha wauza vyungu wa Ikombe kila Jumamosi ya soko la Lyulilo, na hakuna mtu, hata mlevi wa bandarini, aliyewahi kunisemea kwa kidevu.

Ninachodai. Kwanza 350,000 za ukaguzi zirudi, na ada yote ya uhifadhi. Shimu zangu na kila kipande kisichokuwemo mfukoni kitafutwe na kiletwe Matema kwa gharama yenu. Mpira wa mikunjo mpya wa Cobra, wa Cobra, msije na wa Alpha One. Ripoti sahihi ya hali ya gia, iliyosainiwa na mtu aliyeziangalia kwa macho yake.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini nikihesabu gharama za kupandisha draivu na kushusha, na kwamba msimu wa wageni unapita huku boti ikiwa mchangani, naona si haki niishie hapo. Kwa hiyo mtalipa usafiri pia, kwenda na kurudi. Na kama gia zimeharibika mikononi mwenu, mtachangia mashine ya nje nitakayolazimika kununua, kwa sababu njia ya kutengeneza mmeifunga ninyi. Na fundi mkuu aniombe radhi kwa maandishi, barua ibandikwe mapokezi kando ya ule utaratibu wenu, wateja waliocheka waisome.

Mkitaka kuongea nami, pigeni namba yangu iliyo kwenye faili. Nahodha wangu nimemwambia asipokee simu yenu tena.

Nilikuwa nimewaandikia siku 14. Nimefuta, nawapa 7. Zikipita, barua hii na ripoti yenu ya maji ya chumvi vitakwenda Tume ya Ushindani, kwa maana Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na sijui upotoshaji mkubwa kuliko kuuziwa ripoti ya mtu mwingine. Suala la risiti litakwenda TRA. TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, nitawaonyesha ule mpira uliokatwa, waone ni kazi ya namna gani inatolewa kwa watu wanaobeba roho za abiria. Mahakamani nitakwenda mwenyewe, mfuko wa mbolea nitaubeba kama ulivyo, sijaufungua tena tangu nipige picha.

Wenu,
Mmiliki wa boti,
Matema, Kyela.

N.B. Mizani niliipita njiani nikirudi. Sikuuza kitu. Kila kipande mlichonipa kimepigwa picha na kupangwa, na kila kisichokuwemo nimekiorodhesha.