Matawi yasipelekewe programu mpya kwa kushtukizwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wakuu wa taasisi zenye matawi mengi, hasa zile ambazo makao makuu yako Dar es Salaam au Dodoma na sisi wa mikoani kazi yetu ni kupokea tu. Nashughulikia mifumo ya kompyuta hapa Tanga, ofisi yetu ipo Chumbageni, na matawi ya Muheza, Korogwe, Lushoto na Pangani yakikwama simu inalia kwangu.

Mwananchi akifika dirishani akaambiwa "mtandao unasumbua", huondoka akiamini kuna waya umekatika mahali. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi ninapoitwa nakuta mtandao mzima, na kilichoharibika ni programu iliyoshushwa usiku bila tawi kuambiwa.

Msimu wa machungwa, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, toleo jipya lilipelekwa matawi yote kwa mpigo. Timu ya mikopo ilikuwa imeongeza tarakimu kwenye namba ya mteja. Timu ya risiti, iliyo ghorofa nyingine ya jengo lilelile, haikuwa na habari. Jumamosi saa mbili asubuhi pale Muheza wafanyabiashara wamejaa, malori yameshapakia, na printa inatoa karatasi tupu. Keshia akachukua kitabu cha risiti cha kaboni, akaanza kuandika kwa mkono: jina, kiasi, sahihi, mteja mmoja mmoja, huku simu ikiwa begani akiniuliza toleo la zamani linarudishwaje. Halikuwa na njia ya kurudi. Hakuna aliyeipanga.

Kila timu ilikuwa imejaribu kazi yake na ikafaulu. Kilichokosekana ni mahali pa kuzikutanisha kazi hizo kabla hazijamfikia keshia, na kwenye taasisi kubwa ugumu wote uko hapo. Badiliko la timu yoyote lilipaswa kuingia kwenye hazina moja ya programu, yaani mahali pamoja timu zote zinapoweka kazi zao, mtambo ukalikusanya na kulijaribu wenyewe pamoja na kazi za timu nyingine, yaani mteja mwenye namba mpya akatolewa risiti ya majaribio siku hiyohiyo. Kifurushi kilichofaulu ndicho hichohicho kiende mbele hadi tawini, bila mtu kukifungua na kukifunga upya njiani. Na namba ya mteja haibadilishwi kwa usiku mmoja. Mpya inawekwa kando ya ya zamani, mfumo unasoma zote mbili, na timu zote zikishahamia ndipo ya zamani inaondolewa.

Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa takriban dakika 45. Programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika, na hakukuwa na mtu wa pili wa kuhakiki. Walipohangaika kuokoa hali waliiondoa ile mpya kwenye zile saba, hasara ikazidi. Julai 19, 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilizimika kwa sababu ya sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, lililotolewa kwa wateja wengi kwa pamoja. Hao wana fedha na wataalamu kuliko sisi.

Najua wapo wakuu wanaoamini dawa ni kuongeza vikao na sahihi. Sikubaliani nao kabisa. Mabadiliko yakisubiri kikao hurundikana, na mzigo wa miezi mitatu ukishushwa siku moja ukaleta shida, nani atajua ni kipi kati ya vyote kimeharibu? Afadhali mabadiliko madogo, ya mara kwa mara, yaanzie tawi moja, yaangaliwe siku mbili tatu, kisha yaendelee. Kurudisha toleo la awali kufanyiwe mazoezi siku ya kawaida, watu wakiwa wametulia.

Tawi la kuanzia lichaguliwe na wanaoyajua matawi. Aliyeko makao makuu hawezi kujua kuwa leo ni siku ya gulio Lushoto, au kwamba wiki hii wafanyakazi wa mashamba ya mkonge Korogwe wanalipwa. Sisi tunajua, na meneja wa tawi anajua zaidi. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: kalenda ya matoleo itumwe matawini kabla haijapitishwa, na meneja wa tawi awe na haki ya kusema "wiki hii hapana", akasikilizwa.

Mtaalamu wa mifumo,
Chumbageni, Tanga