Malalamiko kuhusu betri za taa zenu za sola za bustanini

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ninalalamikia taa za sola za bustanini nilizonunua kwenu, ambazo hufifia kabla ya usiku wa manane, pamoja na jibu la idara yenu kwamba tatizo ni uhaba wa jua. Paneli zake haziguswi na kivuli, hufutwa vumbi mara kwa mara, na hakuna taa nyingine karibu ya kuihadaa sensa ya mwanga ikadhani bado ni mchana. Isitoshe, taa moja niliyoitia betri nyingine iliwaka hadi alfajiri, ilhali zilizobaki na betri zenu zilikuwa zimezimika zamani. Jua lilikuwa lile lile.

Betri zenu hazionyeshi aina wala uwezo, na kijitabu cha maelekezo kinasema tu “tumia betri za AA”. Maelekezo hayo ni ya hatari, kwa kuwa AA ni kipimo cha umbo tu. Betri ya alkali ya volti 1.5 haikuundwa kuchajiwa, na ikilazimishwa huweza kuvuja na kula vishikio vya chuma. Ya lithiamu ya volti 3.2 au 3.7 huenea pale pale, lakini yaweza kuunguza saketi ya taa hizi, ambazo zinahitaji betri ya kuchaji ya nikeli na haidridi ya metali (NiMH) yenye volti 1.2.

Mhudumu wenu alinishauri ninunue za 2,500 mAh (miliampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri), eti kubwa ndiyo bora. Paneli ndogo namna hii, hata tukisema inatoa miliampea 60 kwa saa 6 za jua kali, haiingizi zaidi ya 360 mAh kwa siku, na sehemu ya hizo hupotea wakati wa kuchaji. Betri hiyo kubwa isingekaribia kujaa kwa jua la siku moja, nami ningekuwa nimelipia nafasi tupu.

Kwa hiyo naomba mnibadilishie betri zote kwa za NiMH za 600 mAh, zilizoandikwa aina, uwezo na tarehe ya kutengenezwa, maana betri iliyokaa ghalani muda mrefu bila kuchajiwa hudhoofu kabla haijauzwa. Za nikeli na kadimiamu sitazipokea, kwa sababu kadimiamu ni sumu zinapotupwa. Naomba pia mkirekebishe kijitabu hicho. Mkishindwa kunibadilishia, nirudishieni fedha zangu zote, na jibu lenu liwe la maandishi.

Wenu,
Mteja