Kipimo Kimetoka Kizuri, Mbona Mkono Hautii?

Mpendwa rafiki yangu Rehema,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote, na zaidi mwanangu Salim, ambaye naamini bado ananikumbuka mama yake mdogo. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu, kwa sababu swali ulilolitaja mwishoni, kama mtu anayeogopa kusumbua, ndilo lililo zito kuliko mengine yote: ikiwa kipimo cha umeme wa ubongo kimetoka kizuri, mbona mkono wa kulia wa mtoto haumtii? Unasema kwamba akilala vidole vinafunguka bila shida, ila akitaka kushika kikombe ngumi inajifunga, na kwamba wapo jamaa wanaosema anadeka. Hao jamaa nitawajibu pia, lakini kwanza tuanze na kipimo.

Kipimo cha EEG, kile cha kubandikwa nyaya kichwani, hunasa umeme hafifu ambao seli za ubongo hutoa zinapowasiliana. Na kwa kuwa nyaya zipo juu ya ngozi, zinachopokea ni jumla ya kazi ya seli nyingi mno zilizo karibu na uso wa ubongo. Daktari aliyekiagiza alikuwa anatafuta kifafa, na alikuwa na sababu nzuri, maana takriban mtoto mmoja kati ya wanne wenye mtindio wa ubongo, yaani hali kama ya Salim, ambapo ubongo ulioumia mapema hushindwa kuongoza mwili vizuri, huwa na kifafa pia. Kwa hiyo majibu mazuri ni habari njema, ingawa mtoto akianza kukodoa macho na kutoitika, au kutikisika upande mmoja, mrudishe hospitali bila kutegemea karatasi ile. Lakini EEG ya namna hiyo haifuati safari ya amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye vidole. Safari hiyo ndiyo iliyokatizwa, na ushahidi wake uko kwenye picha ya MRI uliyonieleza, ile inayoonyesha ndani ya ubongo, yenye kovu upande wa kushoto lililoachwa na kiharusi cha wakati wa kuzaliwa au karibu na hapo.

Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia, kwa kuwa nyuzi nyingi za neva zinazobeba amri huvuka kwenda upande wa pili kabla ya kuteremka ndani ya uti wa mgongo. Nyuzi hizo hufanya kazi mbili. Huamuru msuli ujikaze, na kwa kushirikiana na njia nyingine kutoka kwenye ubongo huutuliza uti wa mgongo, ambao ukiachwa peke yake humjibu kila msuli unaovutwa kwa kuukaza, na kadiri unavyovutwa kwa haraka ndivyo unavyokazwa zaidi. Nyuzi zikipungua, utulizaji nao hupungua. Usingizini ukakamavu hulegea, ndiyo maana unaviona vidole vikifunguka. Lakini mtoto anapokaza nia, anapofurahi au anapoharakishwa, amri hufika ikiwa imetawanyika, na msuli wa kufunga na ule wa kufungua huitwa kwa wakati mmoja. Aliye na nguvu zaidi ndiye anayeshinda, na kwenye kiganja huyo ni yule wa kufunga. Kwa hiyo, Rehema, mtoto ambaye ngumi yake inajifunga anapojitahidi hadeki. Kujitahidi kwenyewe ndiko kunakoifunga.

Kuna jambo jingine ambalo hata sisi wa fani hii tulichelewa kulipa uzito wake, nalo ni habari zinazopanda kutoka mkononi kwenda kwenye ubongo. Watafiti waliochunguza nyuzi za ubongo wa watoto waliozaliwa njiti, kwa kutumia aina maalumu ya MRI, walionyesha mwaka 2002 kwamba nyuzi zinazopeleka hisia zilikuwa zimeumia waziwazi, katika baadhi ya watoto kuliko hata zile za kuamuru misuli. Vipimo vinavyonasa usumaku mdogo unaotokana na umeme wa ubongo navyo vimeonyesha kwamba mguu wa mtoto mwenye mtindio unapoguswa, sehemu ya ubongo inayopokea hisia huitika kwa unyonge kuliko kwa mtoto mwingine. Sasa fikiria mtu anayeshika kikombe huku kiganja hakimwambii sawasawa kama kikombe kipo, kina uzito gani, au kimeanza kuteleza. Atakibana kupita kiasi, au atakiacha kabisa na kutumia mkono ule mwingine. Salim akifanya hivyo, watu huona uvivu.

Ubongo una kazi hata kabla kidole hakijasogea, na hapa ndipo EEG, ikitumiwa kwa namna nyingine, ina la kusema. Juu ya sehemu inayosimamia mwendo kuna mawimbi yanayoitwa beta, ya mizunguko kama 15 hadi 30 kwa sekunde. Mtu akijiandaa kusogeza mkono, mawimbi hayo hupungua nguvu. Mwendo ukikoma, hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo mpangilio huo umeonekana kuwa tofauti tangu hatua ya kujiandaa, maana yake ugumu haumo katika utekelezaji peke yake, umo pia katika kupanga. Ningependa kukuambia kwamba kipimo hiki kitamsaidia Salim mwezi ujao, lakini kwa sasa ni chombo cha watafiti zaidi kuliko cha kliniki, na hata kwao ni taabu, kwa kuwa mtoto hutakiwa kutulia, na kutulia ndiko kunakowashinda wengi wa watoto hawa.

Ulinieleza pia, kwa mstari mmoja tu, kwamba Salim akifungua mkono wa kushoto, wa kulia nao huiga. Mstari huo ndio ulionifanya nichukue kalamu usiku huohuo. Mtoto anapozaliwa, kila upande wa ubongo hupeleka nyuzi kwenye mikono yote miwili, na katika miaka ya mwanzo nyuzi za upande uleule hushindwa na zile zinazovuka, nazo hupungua. Upande mmoja ukiumia mapema, ushindani huo huharibika, na upande ambao haukuumia unaweza kubaki ukiendesha mikono yote miwili, kama dereva mmoja aliyekabidhiwa magari mawili. Kuigana kidogo ni kawaida kwa watoto wadogo wote, kwa hiyo usiliamue hilo peke yako. Lakini kukiwa kwa nguvu na kwa kudumu, ni dalili kwamba huenda amri za mkono wake wa kulia zinatoka upande wa kulia wa ubongo. Tatizo ni kwamba hisia za mkono huohuo kwa kawaida huendelea kwenda upande wa kushoto uleule uliojeruhiwa. Amri inatoka huku na habari inafika kule, na kuzikutanisha kunahitaji kazi ya ziada ambayo ubongo wako na wangu haujawahi kuijua.

Umeandika kwamba pengine uchungu wako wa uzazi ulichukua muda mrefu na kwamba ndiko ulikomuumiza. Wazo hilo ni la zamani sana. Daktari William John Little wa London alilitangaza mwaka 1862 alipohusisha ukakamavu wa viungo vya watoto na uzazi mgumu, na kwa muda mrefu hali hii ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1897 Sigmund Freud, aliyekuwa daktari wa neva kabla ya umaarufu wake mwingine, aliandika kwamba uzazi mgumu wenyewe unaweza kuwa dalili ya tatizo lililoanza tumboni. Siku hizi inakubalika kwamba kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni sababu mojawapo tu kati ya nyingi, na kiharusi cha mtoto mchanga mara nyingi hutokea bila mtu yeyote kufanya lolote baya. Hukumuumiza, dada yangu.

Kuhusu mazoezi, nitakuwa mkali kidogo. Kumnyoosha vidole tu huku yeye akitazama pembeni hakuufundishi ubongo mengi, hata mkifanya kwa saa nzima. Kinachobadilisha njia za ubongo ni mwendo anaouanzisha mwenyewe, kwa lengo analolitaka, ukirudiwa mara nyingi mno. Ipo njia ya kuufunga mkono usio na shida kwa glavu kwa muda uliopangwa ili ule mwingine ulazimike kufanya kazi, na ipo ya kumpa michezo isiyowezekana bila mikono miwili; zikitolewa kwa kiwango sawa cha saa, matokeo yake hukaribiana. Kwa mtoto anayeigana mikono mimi hupendelea kuanza na ile ya pili, ila huo ni uamuzi wa kufanywa na atakayemwona kwa macho. Usimfunge mkono kwa hiari yako nyumbani. Sindano ya kulegeza misuli waliyokutajia husaidia kwa takriban miezi mitatu, na thamani yake ni kile atakachojifunza ndani ya miezi hiyo. Ikitolewa bila mazoezi, muda unapita bure.

Kovu lenyewe halitakua wala kusambaa. Mwili ndio unaokua, na misuli iliyokaza huwa haiendi sambamba na mifupa, kwa hiyo kifundo cha mkono na kisigino cha kulia vipimwe kila mara, hasa akirefuka kwa ghafla.

Utakaponijibu, niambie mambo mawili. Akishika kitu kwa mkono wa kulia, je, analazimika kukitazama muda wote? Na ukimfumba macho kwa mchezo na kumwekea kijiko au mpira katika kiganja hicho, anaweza kukitaja bila kuona? Jaribu kwanza mkono wa kushoto ili aelewe mchezo. Nikipata majibu hayo nitamwandikia mtaalamu wake waraka mfupi utakaokwenda nao kliniki.

Wako daima,
Mwanaidi